Meseji Inasomwa, Barua Inatunzwa

Fungua simu yako sasa hivi. Tafuta meseji ya kwanza kabisa ambayo mwenzi wako alikutumia, ile iliyokufanya utabasamu peke yako kwenye daladala mpaka jirani akakushangaa. Umeipata? Wengi wetu hatuwezi kuipata. Simu ile iliibiwa, au ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, au ulifuta meseji zote siku simu ilipokwambia kuwa nafasi imejaa. Maneno yaliyoanzisha mapenzi yenu yamekwenda na maji.

Sasa twende Same. Panda milima ya Upare mpaka Mamba, Gonja, Vudee au Suji, uingie kwenye nyumba ya wazee walioishi pamoja miaka arobaini au hamsini. Waombe kwa heshima wakuoneshe picha zao za ujana. Litavutwa sanduku la bati kutoka uvunguni, na usishangae chini ya picha zile ukiona furushi la bahasha zilizofungwa kwa uzi. Wino umefifia, kingo za karatasi zimekuwa za njano, lakini kila neno bado lipo mahali pake. Watani wa Wapare wanapenda kusema kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na ndiyo maana hatupi karatasi yoyote, huenda siku moja ikawa ushahidi. Basi tukubali utani wao. Furushi lile ni ushahidi kweli, ushahidi kwamba watu wawili walipendana.

Mpenzi msomaji, makala hii haikusudii kukunyang'anya simu. Simu ina kazi yake na hatuwezi kurudi nyuma. Tunachotaka kujiuliza ni hiki: kuna nini ndani ya barua iliyoandikwa kwa mkono ambacho meseji elfu moja zimeshindwa kukibeba? Na je, wewe na mwenzi wako, mnaohangaika na kazi, foleni na marejesho ya mkopo, mnaweza kufaidika nacho leo?

Same, mlango wa salamu

Mji wa Same upo tambarare, kwenye joto na upepo, kando ya barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Reli ya Tanga inapita hapo hapo, ile ambayo Wajerumani waliifikisha Moshi mwaka 1911. Nyuma ya mji inasimama milima ya Upare ya Kusini, inayopanda mpaka kilele cha Shengena, karibu mita 2,460 kutoka usawa wa bahari. Chini unatafuta kivuli, juu unatafuta sweta.

Kwa jiografia hiyo, Same ilikuwa mlango. Upare, kama maeneo mengi ya milimani, ilitoa vijana waliokwenda kutafuta maisha Tanga, Moshi, Mombasa na Dar. Wengine walikwenda kufundisha, wengine kwenye mkonge, wengine maofisini. Nyuma walibaki wake, wachumba na wazazi, na migomba, kahawa, mahindi na maharage. Kati ya aliyeondoka na aliyebaki kulikuwa na kitu kimoja tu: karatasi.

Na karatasi hiyo haikuletwa mlangoni. Kama unavyojua, Tanzania ilijengwa juu ya sanduku la posta, sio mtu wa posta anayepita nyumba kwa nyumba. Mwanakijiji wa kawaida hakuwa na sanduku lake. Alitumia la shule, la kanisa, la msikiti, la zahanati au la mwenye duka. Barua ilifika Posta mjini Same, ikakaa ikisubiri mtu wa huko juu ashuke. Mwalimu aliyeshuka kwa shughuli zake alirudi na furushi, majina yakasomwa baada ya ibada, au mwanafunzi wa jirani yako akatumwa akuletee. Nyingine zilipitia mikononi mwa wasafiri na makondakta, na juu ya bahasha ukakuta jina la aliyekabidhiwa kuifikisha.

Hebu fikiria safari hiyo. Barua iliyoandikwa Jumapili jioni Dar ilipita mikono ya karani wa posta, dereva, mwalimu na mtoto wa shule kabla haijafika kwa mwenyewe. Wiki moja, wiki mbili, wakati mwingine mwezi. Na kwa siku zote hizo kuna mtu milimani aliyekuwa akiangalia njia. Kusubiri kule kulikuwa sehemu ya mapenzi yenyewe.

Mapenzi yaliyosomwa na mtoto wa darasa la sita

Kulikuwa na kikwazo kingine. Si kila aliyeandikiwa alijua kusoma. Mama wengi walimwita mtoto wa darasa la tano au la sita, akakaa kwenye kigoda, akasoma kwa sauti huku nyumba nzima ikisikiliza. Sasa mume angewezaje kumwambia mkewe kwamba usiku halali kwa kumuwaza, wakati anajua fika kwamba msomaji atakuwa mpwa wake?

Jibu lilikuwa mafumbo. Aliuliza hali ya mti fulani nyuma ya nyumba. Aliulizia kanga aliyomnunulia safari ile. Mtoto alisoma bila kuelewa, bibi akacheka kimoyomoyo, na mke akainamisha uso. Ujumbe umefika. Leo tunatuma vijimoyo ishirini kwa mara moja na bado havisemi kitu, wale waliulizia kanga tu na mtu akashindwa kula chakula cha usiku.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na miaka iliyofuata madarasa ya jioni yakaenea nchi nzima. Watu walijiunga kwa sababu nyingi, na mojawapo ilikuwa hii ya kibinadamu kabisa: mtu alitaka kusoma barua yake mwenyewe, na kuijibu mwenyewe, bila sikio la tatu.

Salamu kwanza, mambo baadaye

Kama ulisoma shule ya msingi nchini hapa, unazijua hatua za barua ya kirafiki: anwani pembeni, tarehe, mwanzo, salamu, kiini, mwisho. Na unaijua lugha yake. Dhumuni la barua hii ni kukujulia hali. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Ama baada ya salamu, ningependa kukufahamisha…

Tulizicheka sentensi hizo tukaziona za kishamba. Lakini ziangalie tena. Kabla mwandishi hajaomba chochote, kabla hajalalamika chochote, ameuliza hali yako, ya wazazi, ya watoto na ya majirani. Amekupa nafasi ya kuwa mtu kwanza. Linganisha na meseji nyingi za siku hizi kati ya mke na mume: "Umelipa umeme?" "Nunua mkate." "Uko wapi?" Hakuna ubaya kununua mkate. Ubaya upo pale ambapo wiki nzima inapita na hayo ndiyo maneno pekee mliyoandikiana.

Vijana nao walikuwa na mbwembwe zao. Karatasi ya pedi yenye maua, moyo uliochomwa mshale kwa kalamu nyekundu, tone la marashi, na poda iliyomwagikia magotini ukifungua bahasha. Mwalimu wa nidhamu akiinasa, imekwisha, inasomwa mstarini mbele ya shule nzima. Na bado waliandika! Mapenzi yenye hatari kidogo huwa na ladha yake.

Ukoo mrefu wa barua

Usidhani barua ilikuja na mzungu. Miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya zamani kabisa yaliyobaki mpaka leo ni barua zilizoandikwa Kilwa kwa herufi za Kiarabu kuanzia mwaka 1711, ambazo zimehifadhiwa Goa, India. Yaani tukitafuta Kiswahili kilichoandikwa zamani, tunakutana na mtu anayemsalimu mwenzake wa mbali.

Karibu zaidi na Same yupo Shaaban Robert (1909–1962), mzaliwa wa Tanga, aliyekuwa mtumishi wa serikali akihamishwa kutoka kituo hadi kituo: Pangani, Longido, Tanga. Kwa miaka mingi alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, na huyo mdogo alizitunza barua hizo. Mwaka 2002 zilichapishwa kuwa kitabu, *Barua za Shaaban Robert 1931–1958*. Ndani yake hakuna mshairi mkuu anayehutubia taifa. Kuna kaka mwenye shida za kazi, familia na fedha, anayemwandikia ndugu yake. Tunamfahamu hivyo kwa sababu moja tu: kuna mtu hakutupa karatasi.

Jiulize basi. Je, mjukuu wako atakufahamu kwa kutumia nini? Laini ya simu isiyotumika hufungwa, na namba hatimaye hupewa mtu mwingine. Simu ya marehemu ina neno la siri analolijua mwenyewe tu. Kila aliyepoteza mzazi anajua jinsi anavyotamani kitu chenye alama ya mkono wake, hata kama ni orodha ya vitu vya dukani. Barua moja ya baba, yenye "g" zake zilizopinda na mahali alipokata neno akaandika jingine, inaweza kukaa na familia kwa vizazi vitatu.

Mahali ambapo barua haijashindwa

Mwaka 1994 Shirika la Posta Tanzania lilianza kazi likiwa peke yake, baada ya lililokuwa Shirika la Posta na Simu kugawanywa. Miaka michache baadaye simu za mkononi zikaingia kwa kishindo. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 kijana wa Same hakuhitaji tena kusubiri mwalimu ashuke mlimani. Alibipu, akapigiwa. Na tuseme ukweli, ilikuwa neema. Simu ya maandishi yenye maneno matatu, "BABA MGONJWA NJOO", iliyomfikia mtu wakati mazishi yamekwisha, hakuna anayeilia.

Lakini kuna uwanja mmoja ambao simu haijaweza kuingia. Unapotaka kuoa, unapeleka nini kwa wazazi wa binti? Unapeleka barua. Mshenga anaibeba, imewekwa ndani ya kitambaa safi, na pesa kidogo ya kusindikiza. Familia inaipokea, inakaa, inaijadili, na kujibu kwa barua. Kijana anaweza kuwa injinia wa kompyuta mwenye simu tatu, siku ya posa atatafuta bahasha nzuri na mtu mwenye mwandiko mzuri. Jaribu kutuma posa kwa WhatsApp uone kama hutafukuzwa na mbwa.

Kwa nini? Kwa sababu wazee wanajua kwamba jambo zito linahitaji kushikika. Barua inaonesha umekaa, umefikiri, umeandika, umetuma mtu. Haiwezi kufutwa kwa wote. Sasa swali la kizushi: kama barua ilikuwa lazima siku ya kuanza ndoa, kwa nini iwe mwiko baada ya harusi?

Ndoa za mbali na maneno yanayokwama

Hapa ndipo tunapogusa kidonda. Wasomaji wetu wengi wapo kwenye ndoa za mbali. Yeye ni mwalimu Gonja, wewe uko benki Dar. Wewe ni nesi Same mjini, yeye ni mtumishi Dodoma, na uhamisho unasubiriwa mwaka wa tatu sasa. Mnaongea kila siku kwa simu, lakini mnaongea mkiwa mmechoka, mtoto akilia, bando likikaribia kuisha. Jambo dogo linakuwa ugomvi, simu inakatwa, na kesho mnaanza upya kama hakuna kilichotokea. Kidonda hakijasafishwa, kimefunikwa tu.

Barua inasaidia hapo kwa sababu tatu.

Kwanza, haikatizwi. Kwenye simu unasema nusu, mwenzako anajitetea, unasahau ulichotaka kusema. Kwenye karatasi unamaliza wazo lako lote, naye analisikia lote.

Pili, inakulazimisha upoe. Huwezi kuandika kurasa mbili kwa kasi ya hasira. Mkono unachoka kabla ya ulimi. Ukifika ukurasa wa pili unajikuta unauliza kama kweli yeye ndiye mwenye kosa lote.

Tatu, inarudiwa. Mke anaweza kuisoma usiku wa leo akiwa na uchungu, akaisoma tena Jumamosi akiwa na utulivu, akaona sentensi ambayo mwanzo hakuiona.

Kuna na ushahidi wa kitaalamu kidogo. Mwaka 2018 watafiti Amit Kumar na Nicholas Epley walichapisha kwenye jarida la *Psychological Science* matokeo ya majaribio yao. Waliwaomba watu wawaandikie barua ya shukrani watu waliowatendea wema, kisha wabashiri mpokeaji atajisikiaje. Waandishi walidhani mpokeaji ataona aibu kuliko ilivyokuwa, na hawakutegemea angefurahi kiasi alichofurahi. Utafiti huo ulihusu maneno ya shukrani, sio aina ya karatasi, lakini funzo lake linatuhusu: ile sauti inayokwambia "ataniona mshamba" mara nyingi inakudanganya.

Tusiipambe kupita kiasi

Barua nayo ina makosa yake, na ni vizuri uyajue kabla hujashika kalamu.

Kinachotunzwa kinatunzwa kweli, hata matusi. Maneno ya kuumiza yakiingia kwenye wino, mwenzako ataweza kuyasoma tena miaka kumi ijayo. Ndiyo maana wazee walishauri barua ya hasira ilale kwanza usiku mmoja chini ya mto. Asubuhi uisome tena ndipo uamue kuituma au kuiwashia jiko.

Barua pia si mahali pa kukimbilia. Kuna wanaume, na wanawake pia, wanaoandika vizuri mno lakini ada ya shule hawatumi. Maneno matamu hayavai sare wala hayanunui unga. Ukiona barua zinazidi kurefuka na matendo yanazidi kufupika, hapo kuna jambo.

Na jambo la dharura halisubiri stempu. Mtoto akiumwa, piga simu.

Wazazi wa juu mlimani

Mtu mwingine anayestahili barua yako hayupo kitandani kwako. Yupo Upare, ana miaka sabini na zaidi, na simu yake ndogo ya tochi inaita mara moja kwa wiki. Mazungumzo yanajulikana: shikamoo, marahaba, mvua vipi, nimetuma kitu kidogo kwenye simu angalia, haya mama kwaheri. Dakika mbili. Pesa imefika, lakini wewe hujafika.

Mwandikie mama. Herufi kubwa, mistari yenye nafasi, karatasi isiyo na ukurasa wa nyuma ili wino usitokeze. Msimulie vitu ambavyo kwenye simu unaviona vya kijinga: jirani yako mpya anatoka wapi, mtoto amekataa kula nini, siku uliyopika makande yakawa matamu kama yake. Kisha muulize jambo ambalo ni yeye tu analijua. Alikutana vipi na baba? Njaa ya mwaka ule waliivukaje? Jina lako lilitoka kwa nani? Macho yakiwa yamechoka, mjukuu atamsomea, na atamwandikia majibu. Mjukuu naye atasikia habari ambazo hazipo kwenye kitabu chochote.

Desemba mtakapopanda mlima kwa sikukuu, mtaikuta barua ile. Huenda imekunjwa ndani ya Biblia au Msahafu, au imewekwa pamoja na hati ya shamba.

Andika leo: mambo saba

1. Usitafute lugha ya kitabu. Andika kama unavyoongea naye mkiwa wawili. Kama mnachanganya Kiswahili na Kipare nyumbani, changanya.

2. Anza na kitu kidogo cha kweli, sio "nakupenda sana". Ulichokula, ulichokiona dirishani, harufu iliyokukumbusha yeye.

3. Beba neno moja zito tu. Barua yenye malalamiko kumi ni hati ya mashtaka.

4. Uliza swali moja linalohitaji kufikiriwa. Barua isiyouliza haipati majibu.

5. Mwandiko mbaya si kisingizio. Anautaka mkono wako, sio wa karani.

6. Weka tarehe na mahali. Miaka ishirini ijayo mtashukuru.

7. Usipige picha ukamtumia kabla haijafika. Mwache asubiri.

Kwa wale watakaosema hawajui pa kuanzia, huu hapa mfano tuliouandaa. Mume yuko Dodoma, mke ni mwalimu Mamba.

*Dodoma, Jumapili jioni*

*Mke wangu mpendwa,*

*Salamu nyingi kutoka huku. Mimi ni mzima, ila upepo wa Dodoma unanikumbusha ule wa stendi ya Same. Jana nilipika makande mwenyewe. Maharage yalibaki magumu, maana uliniambia niyaloweke nikajifanya najua. Nimeyala hivyo hivyo.*

*Kuna neno ambalo kwenye simu huwa linanishinda. Mwezi uliopita uliponiambia umechoka, nilikujibu kwamba kila mtu anachoka. Jibu lile linanirudia kila nikifungua mlango na kukuta chumba kimya. Wewe unatoka darasani unaingia kwa watoto wetu, ukitoka kwa watoto unamwangalia mama. Mimi nachoka kwa kazi moja, wewe unachoka kwa kazi tatu. Nisamehe.*

*Nakuomba nikuulize jambo, na usinijibu kwa simu. Mwakani tuombe uhamisho wako uje huku, au wangu nije huko? Fikiria taratibu. Niandikie unachotaka wewe, sio unachodhani nataka kusikia.*

*Mpe mama shikamoo yangu. Watoto waambie baba anakuja Desemba, na safari hii hatakaa siku tatu.*

*Ni mimi mumeo.*

Umeona? Hakuna ua la waridi hata moja. Kuna maharage magumu, kuna neno moja zito, kuna swali. Mke akiipata hiyo atajua mambo mawili: kwamba alisikilizwa, na kwamba maoni yake yanasubiriwa. Kwenye ndoa ya mbali, hayo mawili ni zaidi ya vocha.

Itafikaje?

Posta ipo. Kweli, duniani kote barua zinapungua. Machi 2025 shirika la PostNord la Denmark lilitangaza kwamba mwishoni mwa mwaka huo litaacha kusambaza barua, baada ya miaka 400 ya kazi hiyo nchini humo. Hapa kwetu pia kaunta za posta siku hizi zina vifurushi vingi kuliko bahasha za wapenzi. Lakini Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa 1874, bado unaendesha shindano la uandishi wa barua kwa watoto na vijana wa miaka 9 hadi 15, lililoanza mwaka 1971. Na makao makuu ya Umoja wa Posta Afrika yapo hapo Arusha, ambako ndiko ulikoanzishwa mwaka 1980. Hatuishi mbali na posta kama tunavyojidanganya.

Kwa mtu wa Same mjini, mambo ni rahisi: pata namba ya sanduku lake, lake binafsi au la ofisini kwake, iandike vizuri, nunua stempu, dumbukiza. Kwa mtu wa milimani, muulize sanduku analotumia. Mara nyingi litakuwa la shule, la kanisa au la taasisi iliyo karibu, na jina lake liandikwe waziwazi ili msomaji wa majina asibabaike. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, mitaa na nyumba nyingi zimepewa majina na namba, kwa hiyo ulizia kaunta ya posta ni ipi inafaa kwa eneo hilo. Kama jambo ni la siri sana au la thamani, itume kwa rejesta, au kwa EMS ukiwa na haraka. Na tafadhali, usiweke noti ndani ya bahasha.

Njia ya zamani nayo haijafa. Kuna mtu anayepanda kutoka Same kwenda Mbaga kesho asubuhi, kuna anayetokea Makanya kwenda Suji. Mkabidhi unayemwamini, umlipe soda, kisha mwambie mwenzako kwa simu neno moja tu: kuna kitu chako kinakuja.

Halafu nyamaza. Usimwambie ni nini. Acha siku mbili tatu zipite huku akijiuliza, maana ni miaka mingi tangu mtu amfanye asubiri jambo jema. Kalamu unayo, karatasi shilingi mia moja tu inatosha. Kazi kwako!